Fremu Nyeusi Niliyokuchorea

Furaha mwanangu,

Kila nikikaa kukuandikia, kalamu inataka kuanza na salamu: u hali gani, na wenzako wa bendi wanaendeleaje. Maisha yangu yote ya kazi nimewafundisha watoto kwamba barua bila salamu ni kama kuingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Sasa sijui nibishe wapi. Kwa hiyo naanza na kosa langu.

Unajua afishi ile, tangazo la wimbo wenu, ilivyozaliwa. Wewe na wenzako watatu mlikuja kwangu Katoyi, mkasema mmetunga wimbo wa roki, mtaupigia video ninyi wenyewe kwa simu ya Justin, mpiga ngoma wenu, na mnataka mwalimu wenu wa zamani wa kuchora awachoree tangazo lake. Nilicheka. Nikawauliza ni nani hapa Goma atakayekaa kusikiliza gita linalolia kama bati linalokatwa. Ukanijibu, "Papa Prof, weye chora tu. Masikio ya watu utuachie siye."

Siku ya kupiga video nilikuja kwenye mawe ya volkano kuchungulia kidogo, nikabaki hadi jua likainama. Ngoma zililetwa juu ya chukudu ya mbao ya magurudumu mawili, zimefungwa kamba kama magunia ya viazi. Hamkuwa na taa, basi nikashika shuka nyeupe mbele yako ili mwanga wa jua urudi usoni mwako, kwa sababu mawe yale ni meusi na hunywa mwanga. Nikaanza kuwaeleza jinsi mwanga unavyogonga kitu na kurudi. Nilieleza sana, nakiri. Ukasema, "Prof, kama jua limeshaelewa somo, tunaweza kuanza?" Justin akacheka mpaka akaangusha fimbo zake. Halafu upepo ukaikamata shuka, ukanivuta nayo juu ya mawe, mzee mzima, nikipiga kelele, na wewe ukacheka katikati ya kuimba. Justin hakukikata kipande hicho kwenye video. Alisema hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote za siku ile.

Nilirudi nyumbani nikakuchora. Uso wako peke yake, macho umefumba, mdomo wazi. Pembeni yote nikaweka fremu nyeusi, pana kama vidole vitatu. Nilikueleza sababu: jicho la mpita njia ni mbuzi, usipolifunga kamba linazurura, na fremu ndiyo kamba. Chini nikaandika jina lako kwa herufi kubwa, halafu siku, saa, na ukumbi wa parokia ambako video ingeonyeshwa. Tukatoa kopi nyeusi na nyeupe. Mkazibandika kutoka Katoyi mpaka Katindo.

Mimi niliyezaliwa hapa, niliyezika watu wengi kuliko ninaoweza kuwataja, sikuona nilichokuwa nimechora. Uso. Fremu nyeusi. Jina. Siku, saa, parokia. Hapa kwetu karatasi ya namna hiyo ina maana moja tu, na hatuisomi mara mbili, maana tumezoea kupokea habari hizo.

Shangazi yako Maombi ndiye aliyetufundisha. Alishuka kutoka Masisi kuuza jibini, akaiona afishi ukutani, akaacha mzigo wake hapo hapo barabarani. Alifika kwenu akiwa amejifunga kitenge kiunoni, analia tangu njia panda, na wewe uko uani unafua soksi. Ulinisimulia mwenyewe huku machozi ya kicheko yakikutoka.

"Furaha! Uko muzima?"

"Niko muzima, shangazi. Njaa tu ndiyo inataka kuniua."

"Mutoto mubaya weye! Karibu uniue mie! Na jibini yangu nani atanirudishia?"

Nilitaka tuzibandue zote siku ile ile. Ulikataa. Ulisema afishi mbaya ni ile ambayo watu wanaipita, na hii watu wanasimama. Lakini unanijua. Nilirudi nyumbani nikaanza kuchora nyingine bila fremu, macho wazi, ili nikuletee hata kama hukuitaka. Nilijifungia nayo siku tatu. Umeme haukuwepo, simu yangu ilikuwa imekufa tangu siku ya kwanza, na sikujali. Mzee akipata kazi ya mikono husahau hata chai.

Hivyo sikujua kwamba Alhamisi ulipata homa. Sikujua kwamba Ijumaa usiku ilikupanda kichwani, ukawa unaita majina ya watu wasiokuwepo. Malaria, walisema. Siku mbili tu. Jumapili iliyotangulia tulikula maharage pamoja, ukaniomba pilipili!

Jumamosi asubuhi nilikuja kwenu na karatasi yangu mpya imekunjwa chini ya kwapa. Nikakuta wanawake wamejaa langoni, wengine wamekaa chini, wanalia. Na pale langoni, afishi yangu.

Furaha, nilikasirika. Nilikukasirikia wewe. Nikasema moyoni, nilimwambia, ona sasa, leo si shangazi mmoja, ni mtaa mzima. Nikapita katikati yao, nikasimama mbele ya lango kama nilivyokuwa nikisimama mbele ya ubao, nikainua mkono.

"Mama zangu, tulieni," nikasema. "Hakuna mutu aliyekufa hapa. Hii ni afishi ya muziki."

Nikawaeleza. Kwa utulivu, hatua kwa hatua, kama kawaida yangu. Nikasema, tangazo la kifo lina msalaba juu, angalieni, hili halina. Nikasema, fremu hii niliiweka mimi kwa sababu za kuchora. Nikaigusa kwa kidole, pembe moja baada ya nyingine. Mwanamke mmoja akaacha kulia akaniangalia. Bibi mmoja, nadhani alikuwa amefika wakati ule ule, akasema, "Kumbe?" Akaanza kutabasamu. Nikatabasamu naye. Nikamwambia, "Ndiyo, bibi. Mutoto ni muzima kabisa. Ni hawa vijana na roki yao."

Chini ya afishi, pale nilipoandika siku ya video, palikuwa pamebandikwa kipande cha karatasi chenye saa ya maziko. Justin alikiandika kwa mkono wake, na afishi ikafanywa tangazo la maziko kwa kuwa nyumba nzima haikuwa na picha yako nyingine kubwa kiasi kile. Kilikuwa karibu na kidole changu. Mimi ninayewaambia watoto watazame kwanza ndipo wachore, sikukitazama.

Mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa nyumba. Aliniacha nieleze mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Prof, ingia ndani umuone."

Niliingia. Sijui kama utaniamini: niliingia nikitegemea kukukuta unafua.

Sitaandika niliyoyaona. Unayajua kuliko mimi.

Tangu maziko sikurudi kwenu. Mtu wa rika langu anajua kwamba hukai nje ya kilio cha mtu uliyekula chumvi yake, lakini miguu ilikataa. Walionong'ona walinong'ona, wapo waliosema nilikuandikia kifo kabla ya wakati wako. Naweza kuwaeleza vizuri kabisa kwamba mbu ndiye anayeleta malaria, na wino hauleti chochote. Ninaijua hoja yote. Lakini penseli sijaishika tena, na hilo siwezi kulieleza. Na silo linalonitesa zaidi. Linalonitesa ni lile tabasamu la bibi. Na mama yako, ambaye alikesha nawe, akinisikiliza nikimfundisha kwamba hujafa.

Wiki iliyopita alikuja kwangu. Nilimwona kutoka dirishani akivuka mawe na kikapu chake cha maharage kichwani, nikatafuta pa kujificha, mzee mwenye mvi. Aliketi. Hakutaka chai. Nikaanza kuomba msamaha, akanizuia kwa kiganja.

"Niache niseme," alisema. "Siku ile, ulipokuwa unasema pale langoni, mimi nilikuwa nimetoka kumuosha. Mikono yangu ilikuwa bado na maji. Na bado nilikusadiki, Prof. Mupaka ulipomaliza, nilikusadiki. Sijui kama nikuchukie ao nikushukuru. Nimejiuliza siku zote hizi. Nimechoka kujiuliza."

Halafu akaniambia kilichomleta. Justin na wenzako wameishika video, hawathubutu kuitoa wala kuifuta. Wamemwachia yeye aamue. Ameamua itoke. Lakini afishi, alisema, haitachorwa na mimi, wala haitatolewa kwenye picha ya simu. Ataichora yeye.

"Nilimuzaa mimi," alisema. "Nifundishe."

Mama yako, ambaye tangu shule ya msingi hajashika penseli isipokuwa kusaini! Nikampa karatasi. Mwanafunzi yeyote wa kuchora uso huanza na duara refu, kama yai, halafu mstari wa macho. Nilishafungua mdomo kumwambia hivyo. Yeye akaanza na sikio. La kushoto, lile lenye kovu dogo ambalo mimi sikuliona miaka yote sita niliyokufundisha. Alichora sikio hilo peke yake mchana mzima, akafuta, akachora, karatasi ikatoboka. Nikampa nyingine.

Furaha, nakuaga sasa, nimechelewa kukuaga lakini nakuaga. Pumzika kwa yule aliyekupa sauti. Nakuahidi jambo moja, na kwa mtu kama mimi si dogo. Mama yako atakuja kila Jumatano baada ya soko. Nitamchongea penseli, nitamshikia karatasi isipeperuke, na sitamweleza chochote asichoniuliza, hata akimaliza mwaka mzima kwenye sikio. Wenzako wamekubali kusubiri.

Papa Prof wako