Kakule wa Nani

Jumapili, 6 Februari 2022. Mulekera, Beni

Kifuniko cha sufuria kinaanguka kwenye sementi. Kinazunguka, kinazunguka, kisha kinanyamaza. Sauti hiyo haijanitoka kichwani tangu mwezi uliopita, siku redio iliposema: kijana ametoroka kutoka kwa waasi porini, anaitwa Kakule, alitekwa mdogo karibu na Beni, anatafuta watu wake. Mama aliangusha kifuniko, akakimbia bila viatu hadi kwenye redio.

Sasa Kakule anakaa kwetu. Anakula, anateka maji. Ndugu yangu alitekwa shambani 2014, siku ileile waliyomuua Baba. Alikuwa na miaka saba. Huyu ndevu zinaanza kuota. Namtazama, sioni kitu. Mama anaona kila kitu: paji la uso la Baba, mwendo wa Baba.

Lakini Kakule! Katika kabila letu kila mtoto wa kiume wa nne ni Kakule. Katika shule ninayofundisha Butembo, darasa moja tu linao watano. Tulisikia jina, tukalia. Hakuna aliyeuliza Kakule wa nani.

Jumamosi, 19 Februari

Baba mdogo Onésime hataki kumpa Kakule shamba la Baba kule Musienene bila uhakika. Nikamwandikia binamu Joyeuse, Brussels. Ametuma, kwa mkono wa sista mmoja, vichupa vinne vya ADN, kile kipimo cha undugu. Mate tu, basi.

Mama alicheka. "Mate? Nilimubeba miezi tisa, leo banataka mate!" Akatema kwa nguvu. "Baandike kama nimetema na furaha."

Kakule akatema. Na mimi.

Nikawaeleza kama darasani. Mama humpa kila mtoto nusu ya ADN yake. Ndugu wa baba na mama mmoja hushirikiana karibu nusu, pengine chini kidogo, pengine juu. Wa mzazi mmoja, robo. Binamu, chini ya hapo.

Onésime: "Na mie na weye?"

Robo, baba mdogo.

"Robo tu! Na nilikubeba mugongoni muzima-muzima!"

Hata Kakule alicheka. Mara ya kwanza.

Jumapili, 20 Februari

Mwanamke mlangoni. Berthe, mkulima wa viazi kutoka Masereka, juu mlimani. Mtoto wake wa kiume wa nne, Kakule, pia alitekwa, wakati mume wake alipoteremka huku kulima kakao. Alifika kwenye redio baada ya Mama. Wakamwambia Kakule amekwisha kuchukuliwa.

Mama alimfukuza! "Kakule wako umutafute kwengine!"

Berthe hakupiga kelele. Alitaka kumwona tu, na Kakule alikuwa amekwenda kuteka maji. Nilimsindikiza hadi barabarani, akanipa namba yake. Akasema: "Ule wangu alizoea baridi. Huku iko joto. Umupatie maji mingi."

Ijumaa, 6 Mei. Butembo

Majibu yamefika kwenye simu. Mimi na Mama: nusu. Kakule na Mama: sifuri. Kakule na mimi: sifuri.

Si kidogo. Sifuri.

Basi ndugu yangu bado yuko porini. Au chini ya udongo. Mungu wangu.

Jumamosi, 7 Mei. Mulekera

Nilikuja niseme. Mama alininyang'anya simu, akaona ramani ya asili — rangi moja juu ya milima yetu, sisi wote watatu. "Tazama! Rangi moja!"

Onésime naye: "Kumbe ni mutu wetu. Shamba nitatoa."

Nikasema hapana, ramani inaonyesha tu mababu wa zamani sana walikaa wapi. Soko zima la Musienene lingetema mate, lingepata rangi hiyohiyo. Namba ndizo zinazosema undugu.

"Acha masomo yako, Élise. Leo tunachinja kuku."

Na mimi? Nikanyonyoa kuku!

Baadaye nilimkuta Kakule nyuma ya nyumba, anapasua kuni. Nikamwambia yeye. Hakuacha kupasua.

"Dada, nilijua siku ya kwanza. Mie nakumbuka baridi, na viazi. Lakini huyu mama alinishika miguu, analia. Na alikuwa amekwisha kupika."

Sikuweza kumtajia Berthe.

Jumatano, 11 Mei. Butembo

Silali. Sili. Kichupa cha nne, kitupu, kiko sandukuni.

Nikinyamaza, Mama ana mtoto. Kakule ana sahani yake. Nani anaumia? Mama wa mlimani ambaye hata simjui vizuri. Na pengine hata yeye si mama yake! Makakule waliotekwa ni wengi.

Lakini Mama hafungui redio tena. Miaka yote hii aliisikiliza kila asubuhi, akingoja jina. Sasa imefunikwa kitambaa. Kakule wetu akitoroka kesho, akataja jina lake, nani atakimbia bila viatu?

Jumamosi, 14 Mei. Mulekera

Nimempigia Berthe asubuhi. Nilimwambia kuhusu kichupa, na kwamba sina hakika ya kitu. Hakuuliza hata swali. "Nakuja." Saa hii yuko Butembo, anabadilisha pikipiki.

Kakule nimemwambia nani anakuja. Amevaa shati safi, amekaa kwenye jiwe kando ya njia. Kila pikipiki anaitazama.

Redio nimeiondolea kitambaa, nimeiwasha. Mama amegeuka. Anauliza kwa nini redio, mgeni gani, mbona sahani zimezidi. Naweka kalamu chini nimwambie. Maharagi yanachemka, na kifuniko kiko mkononi mwake.