Masika Si Bubu

Mangobo, Kisangani

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wanaoota moto jikoni kwako katika baridi ya Butembo. Goti linaendeleaje? Bado linakuuma ukipanda shambani? Na paa la jiko, wadogo zangu wamelifunika, au mnapika mkinyeshewa? Sisi hapa tuko hai, mimi, mke wangu na mtoto. Mgongo wangu ndio unaolalamika, maana bado nabeba magunia kwenye kivuko, pirogi, mitumbwi ya huku, zinapofika kutoka Lubunga na makaa na mihogo.

Mama Vumilia, yule anayeleta maharage kutoka kwetu, alinifikishia maneno yako. Alinikuta na gunia mgongoni, akanisimamisha hivyo hivyo.

"Kasereka, mama yako anasema unipe mutoto nirudi naye. Alisikia mutoto iko bubu, na wewe umepata wazimu, unachezacheza chini kama mutoto mwenzake."

Wabebaji wenzangu walicheka hadi wakaacha kazi.

Aliyekuletea habari hiyo namjua. Ni Tonton Alphonse, mjomba wa mke wangu, mwenye kiwanja tunachoishi. Basi nakujibu, Mama, na usinikasirikie: Masika haji. Na mimi si kichaa. Nisikilize kwanza.

Majeshi mawili ya wageni yalipopigania mji huu, tulilala sakafuni siku nyingi, familia zote za kiwanja ndani ya chumba kimoja. Masika ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukaa. Bomu likilia, naye analia, na Tonton anafoka, "Mumufunge kinywa! Watatusikia!" Mke wangu alimziba mdomo kwa kiganja. Kila mama mle ndani alimziba wake. Mabomu yalipokwisha tukatoka, tukazika majirani, na Masika hakulia tena. Hakulia, hakucheka, hakusema hata "ba". Ukimweka kwenye mkeka asubuhi, jioni unamkuta pale pale. Watu wa kiwanja wakamsifu: "Mutoto muzuri sana, hasumbui mutu!" Ndiyo, Mama, walimsifu mtoto asiyegusa hata kijiko kilicho mbele yake.

Mimi sikusoma sana, darasa nililoishia unalijua. Lakini nakumbuka ulivyokuwa ukifanya na mdogo wangu shambani. Unamkalisha kwenye kitenge, unampa gunzi la mahindi, kisha unalificha chini ya kitenge alitafute. Akisema "ba ba", unamjibu kana kwamba amekuletea habari za soko: "Kweli? Na chumvi imepanda?" Halafu unanyamaza, unamngoja naye aseme. Hukumwomba mtu ruhusa. Kwa hiyo niliamua kwamba nikitoka kivukoni, nimechoka nisichoke, nakaa chini na mwanangu.

Nilianza vibaya. Nilitia punje za mahindi kwenye mkebe wa maziwa, nikautikisa kwa nguvu mbele yake. Masika hakushtuka kama watoto wengine. Alifumba macho, akapeleka kiganja chake mwenyewe mdomoni, akajiziba. Mke wangu alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba, akalia. Mimi niliuweka mkebe juu ya boriti, na hasira ikanijaa. Watu wazima wanapigana, hata sijui wanagombea nini kwetu, na anayeamriwa kunyamaza ni mtoto asiyejua kutembea? Hapana. Katika nyumba yangu, hapana.

Nikaona nianzie palepale penye mkono. Nilichukua kiganja chake, nikakiweka kwenye mdomo wangu mimi, nikaimba "aaaa" huku nakiondoa na kukirudisha, kukiondoa na kukirudisha, ikatoka wa-wa-wa-wa. Nikanyamaza, nikamngoja kama ulivyokuwa ukingoja wewe. Hakuna kitu. Kesho yake tena, hakuna kitu. Tonton alinikuta nimelala kifudifudi kwenye mkeka.

"Ee bokilo, mukwe wangu! Baba wa jamaa analala chini na kulia kama mbuzi! Wanaume wenzako wanatafuta chakula."

"Tonton, nimekitafuta tangu asubuhi. Saa hii ni ya mutoto."

"Mutoto mudogo hivi hajui kitu."

"Alijua kunyamaza. Nani alimufundisha?"

Aligeuka, akaenda zake. Nadhani ndipo alipokwenda kwa Mama Vumilia kukutumia maneno yale.

Siku moja nilirudi nimechoka hata sauti haitoki, nikajilaza tu kando ya Masika. Akakitoa kiganja chake mwenyewe, akanipiga mdomoni, kama mtu anayebisha mlango. Nikaimba. Akaubana mdomo wangu. Nikanyamaza. Akaachia, nikaimba. Mama, uso wake ulifunguka! Alielewa kwamba kelele ile ni yake, yeye ndiye anayeifungua na kuifunga. Tangu hapo anakitafuta kijiko nikikificha, anaukimbilia kwa magoti ule mkebe nilioushusha kutoka kwenye boriti, na ananisimulia mambo mengi ambayo mimi namjibu tu, "Kweli?"

Sasa nikuambie la juzi, kabla Tonton hajakuambia kwa namna yake. Mchana, tunakula lituma yetu ya ndizi za kutwanga, risasi zikaanza kulia ng'ambo ya mto. Watu wote wakakimbilia kile chumba, tukalala sakafuni. Mke wangu, kwa mazoea tu, akamziba Masika mdomo. Na Masika akadhani ni mchezo. Akaimba ndani ya kiganja cha mama yake! Mke wangu akaondoa mkono kwa mshangao, akaurudisha, akauondoa. Wa-wa-wa-wa, na kicheko juu yake.

"Mumunyamazishe!" Tonton akafoka kutoka pembeni.

Si mimi niliyejibu. Ni mke wangu, ambaye hajawahi kumpandishia mjomba wake sauti. "Tonton, bombe iko na masikio?"

Akauweka mkono wake chini. Bibi mmoja akaanza kucheka kwenye kona, na mama aliyelala karibu nasi naye akaondoa kiganja kwenye mdomo wa mwanawe. Tonton aligeukia ukuta. Risasi ziliendelea, na Masika aliendelea.

Kwa hiyo usimtume tena Mama Vumilia aje kumchukua. Ukitaka kumtuma na kitu, mpe magunzi ya mahindi ya shamba lako, yale makubwa, mjukuu wako ayafiche mwenyewe.

Nisalimie kaka yangu mkubwa aliyebaki na jembe la baba, dada anayekusomea barua hii, mwambie asiruke maneno makali, na shangazi anayeuza vitunguu karibu na kanisa. Mke wangu anakupigia magoti.

Mwandiko ukiwa umeyumba hapa chini, usinilaumu. Masika ameukalia mguu wangu, anapiga mkebe kwa kijiko, na sitamkataza.

Ni mimi mwanao asiyekusahau,
Kasereka, baba wa Masika