Ngumi za Hewani

Tlawi, Jumapili usiku

Eti magoti yangu yamekwisha, kwa hiyo ng'ombe wauzwe! Ndivyo alivyosema mwanangu Paulo, aliyekuja na ule mchezo wa runinga: hushiki kitu, unarusha ngumi hewani, kamera inakuona na bondia wako anapiga.

"Nikikuangusha, ng'ombe wanabaki," nikamwambia.

"Sawa. Lakini vua blanketi, mzee, kamera haikuoni."

Sikuvua. Bondia wangu akasimama kama nguzo, Paulo akacheka mpaka akashusha mikono. Hapo nikalitupa blanketi, nikarusha ngumi mfululizo. Bondia wake chali!

"Umecheza rafu, baba!"

"Kalale."

Magoti yanauma kweli, na mwaka kesho sijui. Lakini hilo namwambia Mungu, si Paulo. Asubuhi nawatoa ng'ombe mwenyewe.