Wimbo wa Msaragambo

Chome

Mjukuu wangu Joel,

Marahaba. Huku mvua imenyesha, tangawizi imestawi.

Dada yako Doreen amenisomea karatasi ya tamasha lenu la muziki huko chuo kikuu. Mzungu aliyetunga wimbo wa piano mmemwandikia jina, mwaka aliozaliwa, hata aliokufa. Wimbo wangu wa msaragambo, tunaouimba wanakijiji tukizibua mfereji, umeuandikia: "Mtunzi hajulikani."

Joel! Ulikaa jikoni kwangu na simu yako, ukala makande yangu, nikakuimbia mara nne. Nilikwambia niliutunga mwenyewe, mama yako akiwa mgongoni kwangu.

Jina lako hukulisahau. Limekaa juu kabisa, kwa wino mzito.

Usikanyage hapa mpaka uirekebishe karatasi hiyo.

Ni mimi bibi yako,
Mtunzi Hajulikani