Mpira wa Baba Ambao Sijausafisha

Dada mshauri, shikamoo. Nisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: baba ana mpira wa mkojo, mimi ndiye niliyefundishwa kuusafisha pale unapoingilia mwilini, na sijausafisha hata mara moja.

Nimemaliza kidato cha nne, mama alishafariki, kaka yuko machimboni, kwa hiyo baba aliporudi kutoka Mwanza kwenye matibabu ya saratani ya tezi dume nikabaki naye mimi, na sisi Wakurya binti haoni utupu wa baba yake, nikiingia na beseni anageukia ukutani, ananiambia, "Acha hapo mama, nitajiosha," maana nimepewa jina la mama yake, lakini hana nguvu za kujiosha na maji nayakuta vilevile, nami nayamwaga. Nesi Imelda wa zahanati huja nyumbani kumchoma sindano za kuongeza chembe nyeupe za damu, kwa sababu dawa za saratani zimezipunguza, akasema zitamsaidia kupigana na vijidudu vinavyopitia kwenye mpira, nikalishika neno hilo, nikajiambia basi sindano inatosha. Akiuliza, "Unamsafisha kila siku?" baba anawahi kujibu, "Huyu? Hana mchezo!" na nesi ananisifu mbele ya majirani mpaka natamani ardhi ipasuke.

Tangu jana baba anatetemeka juani akiwa amejifunika blanketi, mkojo umekuwa mzito na unanuka, naye anasema, "Usimsumbue nesi, ni dawa tu." Nikisema ukweli nitamwaibisha, nikinyamaza naogopa. Tafadhali usitaje jina langu wala kijiji.

Binti, Wilaya ya Tarime

*

Binti yangu, jibu hili nimekutumia kwenye simu kabla ya kulichapa, kwa sababu baba yako hana muda wa kusubiri gazeti. Tafuta usafiri, mpeleke hospitali sasa hivi. Aliye kwenye dawa za saratani akipata homa, hiyo ni dharura. Usiuvute mpira, usimpe vidonge vilivyobaki nyumbani. Njiani mwambie, "Baba, nitamweleza daktari kila kitu." Kisha umweleze: saratani, sindano, homa, na mpira usiosafishwa.

Pole. Kwa aibu yako sikulaumu, ndivyo ulivyolelewa. Kwa uongo nakugombeza. Sindano ile inaongeza walinzi wa zizi; lango hulifunga wewe, kwa sabuni na maji. Wewe na baba mmemdanganya nesi kwa kuheshimiana, na heshima ya namna hiyo huzika watu.

Akipona, si lazima umwoshe wewe. Baba ana wanarika wake, waliotahiriwa pamoja naye. Kwao hana cha kuficha. Mwombe mmoja, nesi amfundishe. Wewe andaa maji safi, na uangalie mfuko unaopokea mkojo ukae chini ya kiuno bila kugusa sakafu. Hiyo nayo ni kumtunza baba.

Na wewe msomaji, kama umeitambua nyumba hii, nenda ukamsalimie mzee. Ulichosoma hapa kibaki kwako.