Mara ya Kumi

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za kaka yako, bingwa wa kompyuta mtaa mzima. Mimi mzima, ila paa la kibanda linavuja juu ya meza ya kazi. Juzi nimefufua kompyuta iliyomwagikiwa uji, mwenyewe nusura anibusu mkono!

Sasa ile diski ya marehemu shemeji, mumeo, yenye video alizojirekodi hospitali kwa ajili ya mtoto aliyekuwa bado tumboni. Fundi mwenzangu alinionya: "Kaka, aina hii ukikosea neno la siri mara kumi, inajifuta yenyewe. Muulize kwanza mjane, huenda analijua." Nikamjibu, "Mimi niulize? Shemeji namjua ndani nje!" Nikajaribu tarehe ya harusi, jina lako, timu yake, mpaka zikafika mara tisa. Hapo ndipo ningepaswa kukuandikia nikuulize. Lakini wateja walikuwa wamejaa dirishani wakinishangilia, na mimi nikishangiliwa sina breki. Nikaandika la kumi.

Mdogo wangu, diski ni tupu. Nimezunguka kwa mafundi wote wanaonizidi, maana wapo, na jibu lao ni moja.

Naileta mwenyewe Jumamosi, unitukane uso kwa uso. Na mtoto akianza kuuliza baba yake alikuwa anaongeaje, mlete kwangu. Ile sauti yake ya puani naiweza. Nitamwigizia kila atakapotaka, hata nikizeeka.

Ni mimi kaka yako, niliyekukosea.