Wali wa Kupatanisha

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mimi Nyanda nilizaliwa na bahati, wengine waliambulia meno tu. Asubuhi nimeshuka Mbeya kutoka Igawa na magunia yangu ya mchele. Kabla ya adhuhuri nina chumba Soweto, karibu na soko. Mwenye nyumba, Mzee Yohane, ameniangalia mara moja tu — kanipenda sura. Darasa la sita nililoishia linatosha kabisa mjini. Baridi ndiyo haina adabu. Nimevaa makoti mawili.

Jumatano, 5 Juni
Humu ndani kuna ugomvi. Tumpe, mke wa Ezekia mtoto wa Mzee (dereva, yuko safarini), akisikia Mzee anakohoa, anakimbia. Leo kazunguka nyuma ya choo na ndoo kichwani ili asipite barazani. Chakula cha Mzee anapika yeye, anapeleka Mama Lusia, mke wa Mzee. Nikamuuliza, shemeji, mzee kakukosea nini? Akacheka mpaka akatua ndoo. "Si baba mkwe wangu yule?"
Jibu gani hilo. Mimi na mkwe wangu tunakula sinia moja, tunagombania paja la kuku.

Ijumaa, 7 Juni
Nitawapatanisha. Igawa nimepatanisha wafugaji na wakulima, sembuse nyumba moja.

Jumapili, 9 Juni
Nilipika wali, harufu ikafika sokoni. Nikamkalisha Mzee barazani. Nikaenda jikoni, nikamshika Tumpe mkono, nikamvuta hadi mbele yake. Haya, kuleni pamoja, yaishe.
Tumpe kajifunika kanga uso mzima, kaanguka chini. Mzee kageukia ukutani, wali wote magotini.
Mama Lusia: "We Msukuma, umetuua. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso. Miaka sita binti huyu amejitunza, wewe umemburuta kama mbuzi!"
Wazee wa ukoo wameitwa. Tumpe anarudishwa kwao Tukuyu mpaka waseme mambo yamesafishwa. Mkoba wake uko mlangoni. Nimesema kosa ni langu, nifukuzeni mimi. Hakuna anayenisikiliza.
Naandika chumbani. Mzee anamuuliza mkewe kwa sauti, na wewe nani alikutuma umwombee huyu mtu chumba? Mama Lusia hamtaji mtu, anafagia wali barazani.

Kupendwa sura ni uongo wangu. Mzee alinikataa palepale, hataki wageni. Tumpe ndiye aliyenikuta nje natetemeka, akambembeleza mama mkwe aniombee.